Kati ya Degedege na Kifafa: Istilahi Inayokosekana

1. Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili makongwe yanayomhusu mtu apotezaye fahamu huku mwili wake ukitukutika. Mtoto mdogo mwenye homa akikakamaa, akageuza macho na kutetemeka, husemwa kwamba amepatwa na degedege. Kijana au mtu mzima aangukaye mara kwa mara bila homa husemwa kwamba ana kifafa. Maneno haya hutumiwa na mama wa Matombo au Mgeta katika milima ya Uluguru kama yanavyotumiwa na muuguzi wa Morogoro mjini, na kamusi zetu zimeyapokea bila ubishi. Makala haya yanadai kwamba, pamoja na ukongwe wake, maneno hayo mawili yameacha pengo katikati, na kwamba pengo hilo si la kamusi peke yake.

Kwa muda wa takriban miaka sitini, utafiti uliofanywa kwa wanyama, hususan panya, umeonyesha kuwa baina ya tukio la kwanza liujeruhilo ubongo na siku ambayo kifafa hudhihirika, kuna kazi ndefu inayoendelea kimyakimya ndani ya ubongo. Kazi hiyo haina jina lililozoeleka katika Kiswahili. Jambo lisilo na jina ni gumu kulifundisha, ni gumu kuliulizia, na kwa hiyo ni gumu zaidi kulizuia. Hii ndiyo sababu mwanaisimu anathubutu kuingia katika uwanja ambao kwa kawaida huachiwa matabibu.

2. Mpita njia na mkaazi

Tuanze na maneno yenyewe. Degedege ni takriri ya dege, yaani ukubwa wa ndege. Katika pwani na bara ya karibu imani inayofahamika sana humhusisha mtoto mwenye degedege na ndege mkubwa, au pepo mwenye umbo la ndege, apitaye juu yake. Sarufi ya neno hili inakwenda sambamba na imani hiyo. Degedege humjia mtoto, humshika, humwachia, kisha huondoka. Ni nadra kusikia kwamba mtoto "ana degedege" kwa maana ya hali ya kudumu. Degedege ni tukio.

Kifafa, kwa upande wake, humwelekeza msikilizaji kwenye kitenzi -fa, sawa na kifaduro. Neno hili huandamana na -na ya umilikaji: fulani ana kifafa, ni mwenye kifafa, ni mgonjwa wa kifafa. Kifafa ni hali ambayo mtu huwa nayo, na jamii humtambulisha kwayo. Kwa ufupi, degedege ni mpita njia na kifafa ni mkaazi.

Mgawanyo huu una busara yake, kwani mtoto aliyetukutika mara moja kwa sababu ya homa si mgonjwa wa kifafa, na tiba ya kisasa inakubaliana na wazee wetu katika hilo. Hata hivyo, lugha ya hospitali imeutia utata. Hali ya mama mjamzito ambaye shinikizo la damu humpanda hadi akatukutika tunaiita kifafa cha mimba, ilhali si kifafa kwa maana ya maradhi ya kudumu. Hapo neno kifafa limelazimishwa kubeba maana ya tukio. Kwa hiyo neno moja linabeba tukio na maradhi kwa pamoja, na hakuna hata moja linalobeba mwendo wa kutoka kwenye tukio kuelekea kwenye maradhi.

3. Yaliyofunzwa na panya

Mkazi wa Morogoro hastaajabu akiambiwa kwamba panya anaweza kumfunza binadamu jambo. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984 chini ya milima ya Uluguru, shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Panya buku wa Morogoro hutusaidia kwa pua zao. Panya tunaowazungumzia hapa, waliotumiwa katika maabara za nchi nyingine, wametusaidia kwa ubongo wao, na kwa gharama kubwa zaidi kwao.

Mwaka 1967 mtafiti Graham Goddard, aliyekuwa akifanya kazi nchini Kanada, alieleza jambo alilolikuta alipokuwa akichunguza namna panya wanavyojifunza. Kila siku alipitisha mkondo hafifu wa umeme katika sehemu ndogo ya ubongo. Siku za mwanzo panya hakuonyesha dalili yoyote. Baada ya siku kadhaa mkondo uleule, usioongezwa nguvu, ulianza kuleta mtukutiko mdogo, kisha mtukutiko wa mwili mzima. Aidha, panya aliyepumzishwa kwa wiki nyingi hakurudi katika hali yake ya awali. Ubongo ulikuwa umebadilika, na badiliko lilibaki. Goddard aliliita jambo hilo kwa jina linalotokana na kazi ya kuwasha moto kwa vijiti vidogovidogo hadi kuni kubwa zishike. Kiswahili hakihitaji kukopa hapa, kwani tunalo neno kukoka. Moto hukokwa, na kwa mujibu wa jaribio hilo kifafa nacho huweza kukokwa.

Kundi la pili la majaribio, lililoenea kuanzia miaka ya 1980, lilitumia pilokapini, dawa itokanayo na mmea wa Amerika ya Kusini. Panya aliyepewa kiasi kikubwa hutukutika kwa saa kadhaa, kisha hutulia. Mtazamaji anaweza kudhani amepona. Lakini baada ya kimya cha siku au wiki kadhaa, huanza kutukutika mwenyewe bila kuchokozwa na chochote. Katika kimya hicho baadhi ya seli za neva hufa, nyingine huota matawi mapya na kuungana kwa njia isiyo ya kawaida, na uwiano baina ya nguvu zinazochochea na zinazotuliza huharibika. Kwa mantiki hiyo, kimya si kupona. Kimya ndicho kipindi cha ujenzi.

Kundi la tatu linatukaribia zaidi, kwa kuwa linahusu homa. Katika Chuo Kikuu cha California huko Irvine, Tallie Baram na wenzake waliwapasha joto panya wachanga wenye umri wa siku 10 au 11 hadi wakatukutika kwa muda mrefu, mfano wa mtoto mwenye degedege lisilokatika. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2006, takriban theluthi moja ya panya hao walipata kifafa walipokua. Waliosalia hawakupata. Jambo la kuzingatia ni kwamba badiliko hilo halikutegemea vifo vingi vya seli. Ubongo mchanga ulijipanga upya kwa namna ambayo jicho la kawaida lisingeiona.

Mfano wa nne una asili katika ardhi ya wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 1948 Vincke na Lips walikipata kimelea cha malaria, Plasmodium berghei, katika panya wa msituni huko Katanga. Kimelea hicho kilisambazwa katika maabara za dunia nzima na hadi leo hutumika kuchunguza malaria ya ubongo kwa panya weupe. Mwaka 2017 kundi la watafiti lililoongozwa na Paddy Ssentongo lilionyesha kuwa panya waliookolewa kwa dawa baada ya malaria ya aina hiyo huweza kupata kifafa baadaye. Matokeo hayo yanaafikiana na yale yaliyokwisha kuonekana kwa watoto. Huko Blantyre, Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watoto 132 walionusurika malaria ya ubongo na wengine 264 wasiokuwa na ugonjwa huo. Katika kundi la kwanza watoto 12 walipata kifafa, katika la pili hakupata hata mmoja. Wazazi wetu husema malaria "imepanda kichwani". Usemi huo unaeleza vyema namna inavyopanda, lakini haumtayarishi mtu kujua kinachobaki kichwani baada ya homa kushuka.

4. Ubongo mchanga na hatari ya tafsiri ya haraka

Hapana budi kutahadhari. Ubongo mchanga si ubongo wa mtu mzima uliopunguzwa ukubwa. Mwaka 1989 Yehezkel Ben-Ari na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kuwa kemikali iitwayo GABA, ambayo katika ubongo uliokomaa hutuliza seli, huweza kuzichochea katika ubongo wa panya aliyezaliwa karibuni. Sababu ni kwamba seli changa zina kloraidi nyingi ndani yake, na pampu ya kuiondoa bado haijakomaa. Ishara ni ileile, maana yake imegeuka. Mwanaisimu hawezi kushindwa kulielewa hilo, kwani ni jambo la kila siku katika lugha kwamba umbo moja hubeba maana tofauti kulingana na muktadha.

Ugunduzi huo ulizaa matumaini kwamba bumetanidi, dawa inayozuia kloraidi kuingia katika seli, ingewasaidia watoto wachanga wanaotukutika. Kwa panya ilionekana kusaidia. Jaribio lililofanywa Ulaya kwa watoto wachanga 14, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, lilisimamishwa mapema, kwa sababu dawa haikuonyesha manufaa yaliyotarajiwa na baadhi ya watoto walipata tatizo la kusikia.

Mfano wa karibu na nyumbani una uzito mkubwa zaidi. Huko Kilifi, Kenya, watoto 340 wenye malaria ya ubongo waligawanywa katika makundi mawili, moja likapewa dozi moja ya fenobabitoni ili kuzuia mitukutiko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Mitukutiko ilipungua sana katika kundi lililopewa dawa, lakini watoto 30 wa kundi hilo walikufa, ikilinganishwa na 14 wa kundi la pili. Dawa ilifaulu katika jambo iliyotakiwa kulifanya, na watoto wakafa zaidi.

Somo la mifano hii miwili ni kwamba kuzima tukio si sawa na kumwokoa mtoto, wala si sawa na kuzuia kifafa kisijengeke. Haya ni mambo matatu. Lugha inayoyaita kwa jina moja humfanya hata mtaalamu ayachanganye. Hadi leo hakuna dawa inayokubalika kwa jumla kuwa huzuia kifafa kujengeka baada ya ubongo kujeruhiwa. Tulicho nacho ni kuzuia jeraha lenyewe, yaani chandarua, tiba ya malaria ya mapema, chanjo, na uzazi salama.

5. Mahenge: ujenzi wa miaka mingi

Mkoa wa Morogoro una mfano unaojulikana na wataalamu wa kifafa duniani kote. Kusini ya Uluguru, ng'ambo ya bonde la Kilombero, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa waliofichwa, na wengine wenye makovu ya moto, kwa kuwa walipoangukia jikoni hakuna aliyethubutu kuwagusa kwa kuogopa kuambukizwa na mate yao. Aliwakuta pia watoto walioinamisha vichwa kwa mfululizo, hali ambayo miongo kadhaa baadaye ilikuja kutambuliwa vilevile Sudani Kusini na Uganda.

Leo ushahidi mwingi unaihusisha hali hiyo na usubi, ugonjwa wa minyoo uenezwao na inzi wadogo weusi wa mito iendayo kasi. Mwaka 2017 zaidi ya watu 5,000 walichunguzwa Mahenge. Katika vijiji vya mbali vyenye usubi mwingi, asilimia 3.5 walikuwa na kifafa, ilhali katika vijiji vya karibu na mji walikuwa asilimia 1.5. Dawa ya ivamektini ilikuwa imegawiwa huko kila mwaka tangu 1997, na kuanzia 2019 imekuwa ikigawiwa mara mbili kwa mwaka. Hapa panya hawajatusaidia vya kutosha, kwani mnyoo huyu hamalizi maisha yake ndani ya mnyama mdogo wa maabara. Hata hivyo, wazo lililozaliwa na panya ndilo linalotufanya tuuelewe mpangilio wa mambo: mtoto huambukizwa akiwa mdogo, miaka hupita, kisha kifafa hudhihirika.

Tumtafakari mzazi anayeambiwa kwamba ivamektini ni dawa ya macho na ngozi. Mwanawe anaona vizuri na hajikuni. Kwa nini anywe? Mzazi huyo si mkaidi wala si mjinga. Anafuata mantiki ya maneno aliyopewa. Ili aone sababu ya kidonge, sharti awe na njia ya kusema kwamba ndani ya mtoto aliye mzima kifafa kinaweza kuwa kinajengeka.

6. Pendekezo na hoja za kulipinga

Tunapendekeza istilahi ujengekaji wa kifafa. Kitenzi kujengeka kimezoeleka katika maana ya jambo linalotokea hatua kwa hatua bila fundi anayeonekana. Tabia hujengeka, na chuki hujengeka. Tumeifikiria istilahi chanzo cha kifafa tukaiacha, kwa kuwa chanzo ni nukta na si mwendo. Kukua kwa kifafa hakufai, maana kinachokua lazima kiwe kimekwisha kuzaliwa, na hapa tunazungumzia maradhi kabla hayajazaliwa. Kukopa neno la Kigiriki kupitia Kiingereza na kulitohoa kungemridhisha mtaalamu, lakini kusingemfikia mama wa Mgeta. Pamoja na istilahi hiyo kuu, tunapendekeza kipindi cha ukimya kwa muda ulio kati ya jeraha na mtukutiko wa kwanza usio na sababu ya papo hapo, ukokaji kwa jaribio la Goddard, na mtukutiko kwa tukio lolote, ili kifafa kibaki kuwa jina la maradhi. Vigezo vinavyojulikana vya uundaji wa istilahi, yaani usahihi, ufupi na uwezo wa kunyambulika, vinatimizwa: kifafa hujengeka, huweza kuzuiwa kisijengeke, na kuna vijenzi vyake.

Wako watakaosema kwamba kuunganisha degedege na kifafa kutawatia hofu wazazi bila sababu. Hoja hii ni nzito. Watoto wengi sana wanaopatwa na degedege fupi la homa hawapati kifafa kamwe, na ni kosa kuwatangazia mama zao msiba usiokuwapo. Lakini hofu huletwa na neno lisilo na mipaka. Kusema kwamba degedege fupi hupita, na kwamba degedege lisilokatika au malaria ya ubongo vinahitaji hospitali mara moja na ufuatiliaji baadaye, ni kuweka mipaka. Leo mama ana majibu mawili tu ya kuchagua: ni ndege aliyepita, au ni kifafa. La kwanza huweza kumpeleka kwa mganga wakati dakika zina thamani. La pili huweza kumfanya amfiche mtoto.

Wengine watasema kwamba istilahi haiponyi. Ni kweli. Lakini muuguzi asiye na jina la kipindi cha ukimya hatauliza, mwaka mmoja baada ya malaria kali, kama mtoto ameanza kuduwaa ghafla au kuangusha vitu. Naye mzazi hatalisema, kwa kuwa kwake homa ilikwisha na habari yake ikaisha. Swali lisiloulizwa halijibiwi.

Wapo pia wanaouliza kama ni haki kuwatesa panya kwa ajili ya maarifa haya. Makala haya hayawezi kulimaliza suala hilo, ila twasema jambo moja. Maarifa yaliyonunuliwa kwa mateso ya kiumbe kingine huongeza deni la wanaoyamiliki, na deni hilo halilipwi kwa kuyafungia katika lugha ambayo wengi wa wanaoyahitaji hawaisomi.

7. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Kiswahili kinalo jina la tukio na jina la maradhi, na kwamba utafiti wa ubongo mchanga umegundua mwendo uliojificha baina yao. Idara za Kiswahili zimezoea kuunda istilahi za fizikia na za sheria kwa ajili ya mwanafunzi wa shule na chuo. Istilahi tunayoipendekeza ni ya mama, muuguzi na mgawa dawa wa kijiji kabla ya kuwa ya mwanafunzi. Kwa hiyo isipelekwe kamusini moja kwa moja. Ipelekwe kwanza katika zahanati za Uluguru na Mahenge, ijaribiwe katika vinywa vya watu, na wao wakitupatia neno bora zaidi tulipokee. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada ya tasnifu wanayo hapa, na wenzao wa tiba na mifugo wa Morogoro ni washirika wao wa asili. Kazi hiyo isisubiri dawa ya kuzuia ujengekaji wa kifafa igunduliwe. Siku itakapogunduliwa, itabidi iwepo lugha ya kumweleza mzazi kwa nini mtoto wake, ambaye anacheza na anaonekana mzima, anahitaji kuinywa.